Mgongo umekukamata ghafla? Kanda, kisha jongea: mwongozo kamili wa wiki ya kwanza

Mtu akikamatwa na mgongo Dar es Salaam, ushauri humfikia kabla hajapata hata pa kukaa. Mmoja atamwambia alale chali sakafuni wiki nzima asitikisike. Mwingine atasema hizo ni figo, anywe maji mengi. Wa tatu anamjua fundi wa Mbagala anayevuta watu miguu mpaka pingili zinalia. Na duka la dawa la kona lina sindano ya maumivu tayari. Wakati huo huo, mambo mawili yenye msaada wa kweli yapo nyumbani kwake na karibu ni ya bure: joto na kujongea.

Mambo haya yanafaa zaidi yakienda pamoja. Ukikanda tu, maumivu yanapungua kwa muda, halafu unabaki kitandani na mgongo unakaza upya. Ukijilazimisha mazoezi tu, mgongo ukiwa mgumu kama ubao, utaacha siku ya kwanza. Kazi ya joto ni kukupa nusu saa ya nafuu. Kazi yako ni kuitumia nusu saa hiyo. Mwaka 2005 jarida la The Spine Journal lilichapisha utafiti wa watu 100 wenye maumivu mapya ya mgongo wa chini, waliogawanywa makundi manne: wa mkanda wa joto, wa mazoezi, wa vyote viwili, na wa kijitabu cha ushauri tu. Ilipofika siku ya saba, waliotumia vyote viwili ndio walioweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi.

Mwongozo huu ni wa maumivu mapya, yaliyoanza leo, juzi au wiki hii, kati ya mbavu za chini na makalio. Mengi ya namna hiyo hayatokani na ugonjwa wowote wa hatari, na hupungua sana ndani ya wiki chache. Ila kuna machache yasiyokandwa nyumbani, na hayo tuyaondoe kwanza.

Kabla ya kuchemsha maji, jikague

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, ukiona lolote kati ya haya:

– Ganzi sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa au mapajani kwa ndani. Mkojo kugoma au kukutoka bila kujua. Kushindwa kuzuia choo. Hapo mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inabanwa, na saa zina maana.
– Mguu kukosa nguvu: unyayo unaburuta, goti linakukatikia, na hasa ikiwa ni miguu yote miwili.
– Umeanguka kutoka juu, umepata ajali ya bodaboda, au ni mzee aliyeteleza bafuni hata kidogo tu.
– Homa pamoja na maumivu ya mgongo.
– Maumivu makali ya ghafla ya mgongo na tumbo kwa mtu mzima wa makamo na kuendelea, hasa mvutaji sigara au mwenye presha, akitoka jasho na kutaka kuzimia.

Kuna kundi la pili ambalo halihitaji kukimbizwa usiku lakini lisiishie kwenye kukanda: aliyewahi kuwa na saratani, anayepungua uzito bila sababu, anayetumia dawa za steroidi muda mrefu, mwenye kinga dhaifu, na yule ambaye maumivu yake yanazidi usiku hata akilala vizuri. Kwa nchi yetu niongeze kifua kikuu. Kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila kikohozi chochote, na mtu akahangaika miezi na dawa za kuchua. Mgongo unaouma polepole ukiandamana na jasho la usiku na kukonda unatakiwa upimwe.

Na figo? Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, upande mmoja, na hayajali sana umekaaje. Mara nyingi huja na homa, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Mgongo wa misuli na viungo una tabia nyingine: ukiinama unauma, ukilala ubavu unapoa, ukiinuka kitini unakukumbusha upo. Kama wako unabadilika hivyo kwa kila mkao, endelea kusoma.

Saa za kwanza: tafuta mkao, lakini usiweke kambi

Maumivu yanapokuwa makali sana, unaruhusiwa kulala. Lala chali kwenye mkeka au godoro gumu kiasi, miguu kuanzia magoti hadi visigino ikiwa juu ya kiti cha plastiki au stuli yenye mto. Au lala ubavu, magoti yamekunjwa, mto katikati yake. Mito ya sofa inafaa kabisa.

Kaa hivyo dakika ishirini, thelathini, kisha inuka hata kama ni kwenda chooni na kurudi. Namna ya kuinuka ndiyo inayowatesa watu kuliko maumivu yenyewe, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Usijikunje kuanzia chali. Kunja magoti kwanza. Geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda kwa pamoja. Shusha miguu nje ya kitanda, na huku inashuka, sukuma godoro kwa mkono wa juu na kiwiko cha chini mpaka ukae. Pumua. Kisha weka mikono mapajani, peleka kifua mbele kidogo, simama. Ukiwa sakafuni, pitia kwenye magoti na viganja, shika kiti, weka mguu mmoja mbele, ndipo unyanyuke. Kila hatua toa pumzi. Ukibana pumzi unabana na mgongo.

Kulala siku nzima, siku tatu, wiki, hapana. Watu walioambiwa walale wamekuwa wakipona taratibu zaidi kuliko walioambiwa waendelee na maisha kadiri wanavyoweza.

Hatua ya joto

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kukanda. Nyumba iliyowahi kuwa na mzazi ina mtu anayejua maji ya moto na kitambaa. Tofauti ni kwamba hapa hatutaki maji ya kuunguza wala mkono wa kukandamiza kwa nguvu. Tunataka joto la wastani linalokaa. Mikanda ya joto iliyotumika kwenye tafiti ilikuwa na nyuzi kama 40 tu, juu kidogo ya joto la mwili, ikivaliwa saa nyingi. Ukihisi "tamu, naweza kulala hapa", umefika. Ukihisi inachoma lakini unavumilia ili ifanye kazi vizuri, umepitiliza.

Taulo ndiyo njia rahisi. Loweka taulo dogo kwenye beseni la maji ya moto, kamua sana (atakayekamua avae glavu au atumie taulo la pili kupindia), lijaribu kwa ndani ya mkono wako, kisha weka juu ya fulana nyembamba, sehemu ya kiuno. Funika na mfuko wa nailoni na kanga juu yake ili joto lisikimbie. Litapoa baada ya dakika tano hivi, kwa hiyo uwe na mawili ya kupokezana.

Chupa ya mpira ya maji ya moto, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa, inakaa na joto muda mrefu zaidi. Maji yakichemka, yaache yapoe dakika kadhaa. Jaza theluthi mbili tu, toa hewa kwa kuibonyeza mpaka maji yaonekane mdomoni, funga, igeuze uone kama inavuja, ivalishe taulo. Usiilalie kwa uzito wako wote. Mpira uliozeeka na wenye nyufa utupe. Na ile akili ya kujaza maji ya moto kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, iache: plastiki ile inanyauka na kukumwagia.

Chumvi ya mawe iliyokaangwa bila mafuta na kufungwa kwenye kitambaa kizito cha pamba inafanya kazi, ila ni kali. Chumvi hubeba joto zaidi ya unavyodhani. Iache ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja dakika nzima, ndipo uweke mgongoni. Mwenye maikrowevu atie mchele mkavu kwenye soksi ya pamba, afunge, apashe kidogo kidogo.

Muda: dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Usilale usingizi nayo. Ukiona ngozi imeanza kuweka michoro ya kahawia kama wavu, umezidisha, na unahitaji kupumzisha sehemu hiyo.

Usikande kabisa juu ya dawa ya kuchua. Menthol na wenzake wakifunikwa kwa joto huunguza ngozi. Chagua moja, au oga kwanza uitoe. Mwenye kisukari au ganzi asipime joto kwa mgongo wake mwenyewe. Apimiwe na mtu mwingine. Penye kidonda, upele au uvimbe mpya wa kugonga, hapana. Mama mjamzito anaweza kuweka taulo la vuguvugu mgongoni, lakini asijitumbukize kwenye maji ya moto sana, na maumivu yanayokuja na kuachia kwa vipindi ayapeleke kliniki.

Swali ninalolisikia kila Januari: mji wenyewe unatokota, joto lingine la nini? Nyuzi 32 za Dar bado ni chini ya joto la mwili wako, na jasho linaendelea kuupoza mgongo. Joto la kukanda linawekwa sehemu moja ili damu iongezeke pale na misuli ilegee. Fanya asubuhi na mapema na usiku, na washa feni ielekee usoni na miguuni. Umeme ukikatika, kaa barazani. Wapo watakaokwambia feni ndiyo iliyokukamata mgongo; hapana, haikukuletea ugonjwa. Inaweza kukufanya ujikaze, basi.

Barafu? Kwa mgongo ushahidi wake ni mdogo. Kama umegonga mahali pakavimba, anza na barafu siku mbili. Vinginevyo usihangaike nayo.

Hatua ya kujongea, huku mgongo bado una moto

Toa taulo, usisubiri lipoe kabisa. Kipimo chako ni hiki: kwa alama za sifuri mpaka kumi, maumivu yakipanda hadi tatu au nne wakati wa zoezi na kushuka ndani ya saa moja, sawa. Yakibaki juu mpaka kesho yake, punguza nusu.

Siku ya kwanza na ya pili nataka mambo matatu tu. Kuna sababu. Utafiti wa watumishi wa jiji la Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 1995, uliwagawa wagonjwa wa namna hii: wa kulala siku mbili, wa mazoezi ya mgongo, na wa kuendelea na shughuli za kawaida. Hao wa mwisho ndio waliopona haraka. Kwa hiyo mazoezi ya siku za mwanzo yawe madogo, ya kukufungulia mlango wa kurudi kwenye maisha.

La kwanza ni kutikisa nyonga. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Bonyeza kiuno taratibu kwenye mkeka kana kwamba unaziba uwazi ulio chini yake, kisha kiachie kiinuke kidogo. Mara kumi. Halafu magoti yote mawili yaangukie kulia kidogo, kushoto kidogo, mara kumi.

La pili ni la kutafuta upande unaoupenda mgongo wako, na hapa ndipo penye utamu. Lala kifudifudi, mikono pembeni, dakika mbili. Ukiweza, panda kwenye viwiko, nyonga zikibaki chini, kaa dakika moja au mbili, shuka. Sasa sikiliza maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mguuni au kwenye kalio na kujikusanya katikati ya kiuno, hata kama katikati panauma zaidi kidogo, hiyo ni habari njema na huo ndio upande wako: rudia mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Kesho yake unaweza kusukuma kwa mikono, kifua kikiinuka na tumbo likilegea. Lakini yakishuka kutoka kiunoni kwenda pajani na muundini, acha papo hapo. Jaribu upande wa pili: chali, vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, shikilia sekunde tano, badilisha, baadaye yote mawili. Mafundi tailisi na wengine wanaoshinda wameinama mara nyingi hupenda kupinda mgongo kwenda nyuma. Wazee wengi hupenda kukunja. Ila usichague kwa umri wala kwa kazi; mgongo wako utakujibu ndani ya dakika tano.

La tatu ni kutembea. Dakika tano, mara nne au tano kwa siku, hata kama ni kutoka mlangoni hadi kwa muuza genge. Mikono ilegee, usijishike kiuno. Mtaa wako ukiwa wa mchanga na mashimo, tembea uani.

Siku ya tatu hadi ya saba

Endelea kukanda kabla ya kila zamu ya mazoezi, lakini utaona joto unalolihitaji linapungua kila siku inavyokwenda. Wengi wanabaki na la asubuhi tu, kwa sababu asubuhi mgongo huamka umekaza.

Ongeza zoezi la daraja: chali, magoti yamekunjwa, kaza makalio, inua nyonga mpaka pale unapoweza, hesabu tano, shuka. Mara nane. Kisha piga magoti, viganja chini: kunja mgongo juu, ulegeze chini, bila kulazimisha, mara nane. Hilo likikaa sawa, inua mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde tano bila kiuno kuyumba, badilisha. Ukiona unatetemeka, anza na mguu peke yake. Kutembea kufike dakika 15, halafu 20.

Mazoezi ya kulala chali na kuinuka kama askari, na yale ya kugusa vidole vya miguu kwa kudunda, ngoja kwanza.

Mgongo unaishi Dar, si kwenye mkeka

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na unainyanyua kutoka sakafuni, mkono mmoja, huku umepinda. Wiki hii gawa nusu kwa nusu kwenye ndoo mbili, ubebe kulia na kushoto. Kuinua ndoo: miguu ipanuke, ndoo iwe katikati ya nyayo, magoti yakunjwe, ivute karibu na mwili ndipo uinuke. Kugeuka, geuza miguu. Mtungi mkubwa wa gesi mwachie mwingine.

Kudeki kwa tambara huku umeinama, na fagio fupi la chelewa, ni kazi ngumu zaidi kwa kiuno chako kuliko zoezi lolote hapo juu. Tafuta mpini mrefu au piga goti moja. Nguo zifulie beseni likiwa juu ya stuli.

Kwenye daladala, kusimama umeshika bomba mara nyingi ni nafuu kuliko kujibana siti ya nyuma ukirushwa na matuta. Ukikaa, kunja kanga au sweta, liweke kwenye upinde wa kiuno. Dereva wa bajaji na mtu wa ofisini wana dawa moja: kila nusu saa, simama, mikono kiunoni, pinda mgongo kwenda nyuma taratibu mara tano. Foleni za Dar zinatoa nafasi hiyo kuliko mtu anavyotaka. Bodaboda iache kwa siku chache kama barabara ni ya mashimo.

Kazini rudi mapema, hata kabla maumivu hayajaisha, ukiomba kazi nyepesi. Mpagazi wa Kariakoo hana bosi wa kumwomba, najua. Basi aanze na mizigo midogo na zamu fupi.

Dawa na picha

Paracetamol wengi wanaimeza kwa mazoea. Utafiti mkubwa wa Australia uliotoka mwaka 2014, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, haukuona ikiharakisha kupona mgongo kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofeni na jamii yake husaidia kiasi, zimezwe baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha isiyotulia au ujauzito asijinunulie. Na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki kwa kudhani zitasaidiana: ni ndugu, zinaumiza tumbo na figo zikiwa pamoja. Sindano za kila siku za duka la kona sioni zinaongeza nini.

Picha ya eksirei au MRI wiki ya kwanza, kama huna dalili za hatari, kwa kawaida haibadilishi matibabu. Pingili "zilizosagika" zinaonekana hata kwa watu wengi wasioumwa chochote, na ukishaambiwa hivyo unaanza kuogopa kuinama.

Yakipoa, na yasipopoa

Mgongo uliokamata mara moja hupenda kurudi. Dawa ya hilo ni kutembea. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2024, uliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka kupona. Waliopangiwa kutembea, wakijenga taratibu hadi dakika 30 mara tano kwa wiki na kuelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, walikaa wastani wa siku 208 kabla ya kuumwa tena. Wenzao siku 112. Ufukwe wa Coco alfajiri haulipiwi kiingilio, na kushuka kituo kimoja kabla ya chako ni kutembea pia.

Kama wiki mbili zimepita na huoni mabadiliko, au maumivu yanashuka mguuni kila siku zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu, upimwe na ukihitajika upewe rufaa: Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, na kwa mambo makubwa ya mgongo ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Mwambie daktari yalianza lini, mkao gani unayaleta na upi unayapoza, yanafika wapi mguuni, na dawa zote ulizomeza, pamoja na zile za miti shamba. Vaa nguo nyepesi na viatu vya kuvua kirahisi, maana utaambiwa uiname, unyooke na utembee kwa visigino.